Kubadili Mpango wa Medicare: Kabla ya Kutoka, Ulizia Njia ya Kurudi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 7 Desemba, wazee wanaoishi Marekani na walio katika Medicare, bima ya afya ya serikali, huruhusiwa kubadili mipango yao, na mpango mpya huanza kutumika tarehe 1 Januari. Hapa nyumbani kwetu Columbus, Ohio, majuma hayo nimeyapa uzito mkubwa tangu mwaka ule Mama alipobadili mpango wake peke yake, bila mmoja wetu sisi watoto kukaa naye na kuyasoma masharti.

Mama alihudumia wagonjwa katika makao ya wazee kwa zaidi ya miaka 10, na kwa sababu hiyo alipotimiza miaka 65 alipata Sehemu A, ile inayolipia kulazwa hospitalini, bila kutozwa ada ya kila mwezi. Sehemu B, inayolipia madaktari na vipimo, ina ada yake, ambayo kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi. Kwa kuwa Sehemu B kwa kawaida hulipa asilimia 80 tu ya gharama, na hapo ni baada ya mgonjwa kutoa kwanza kiwango chake cha mwaka, tulimkatia pia bima ya nyongeza iitwayo Medigap, ya kulipia kinachobaki, pamoja na mpango wa dawa wa Sehemu D. Jumla ya ada hizo ilikuwa nzito kwetu, lakini Mama alitibiwa na daktari yeyote anayepokea Medicare bila kuombewa ruhusa kwa mtu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, rafiki yake alimwalika kwenye mkutano ambako wakala wa bima alieleza habari za Medicare Advantage. Mpango aliouza haukuwa na ada yoyote zaidi ya ile ya Sehemu B, ulilipia meno na miwani, na ulitoa kadi yenye fedha kidogo za kununulia mahitaji ya afya. Mama, ambaye siku zote huona uchungu kutugharimu, alitia saini siku ileile. Yote aliyoyasema wakala yalikuwa ya kweli. Yaliyotuumiza ni yale aliyoyaacha. Mipango ya Advantage huendeshwa na kampuni binafsi badala ya Medicare ya asili, yaani Sehemu A na B za serikali, na Medigap haitumiki pamoja nayo; mingi kati yake ina orodha maalumu ya madaktari na hudai kibali kabla ya vipimo na matibabu fulani. Mwezi wa Januari tukagundua kwamba daktari wa moyo aliyemtibu Mama kwa miaka 6 hakuwamo katika orodha hiyo, na kipimo alichokuwa amepangiwa kikabaki kinasubiri kibali. Alikaa kimya majuma kadhaa kwa kuogopa kutusumbua, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Aliyetusaidia ni mshauri wa OSHIIP, huduma ya serikali ya Ohio inayowashauri wazee kuhusu bima bila malipo na bila kuuza chochote. Kila jimbo lina huduma ya aina hiyo. Alitueleza kwanza kwamba aliye katika Advantage anaweza kubadili mara moja kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi, ama aingie Advantage nyingine, ama arudi Medicare ya asili na kuchukua mpango wa dawa. Kisha akatueleza jambo ambalo natamani kila familia ilijue kabla ya Oktoba. Kurudi Medicare ya asili ni rahisi. Kigumu ni kuipata tena Medigap. Kampuni za Medigap hulazimika kumpokea mtu yeyote katika miezi 6 inayoanza pale anapokuwa na umri wa miaka 65 au zaidi na ana Sehemu B. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, zinaweza kumhoji kuhusu magonjwa yake na kumkataa, au kumtoza zaidi. Mama alinusurika kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia Advantage na mwaka ulikuwa haujaisha, na sheria humpa mtu wa namna hiyo haki ya kurudishiwa Medigap yake ya zamani ikiwa kampuni ileile bado inaiuza.

Mjomba wangu hakuwa na bahati hiyo. Alikaa katika Advantage miaka 3, na alipotaka kutoka, maombi yake ya Medigap yalikataliwa kwa sababu ya kisukari. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina sheria zinazowalinda zaidi wazee katika jambo hili, kwa hiyo uliza kuhusu jimbo unaloishi.

Sisemi kwamba Advantage ni mbaya. Asiyemudu ada ya Medigap anaweza kufaidika nayo, kwani ina kikomo cha gharama za mgonjwa kwa mwaka, ambacho kwa 2026 hakiruhusiwi kuzidi dola 9,250 kwa huduma za ndani ya orodha, ilhali Medicare ya asili peke yake haina kikomo chochote. Ninachosisitiza ni kuanza na maisha ya mzee mwenyewe, yaani madaktari wake, dawa zake na safari zake, kabla ya kutazama ada.

Mwezi wa Septemba kila mpango wa Advantage au wa Sehemu D hutuma barua ya mabadiliko ya mwaka unaofuata. Mimi na Mama huisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha naandika dawa zake zote na dozi zake, na kuziingiza katika tovuti ya Medicare.gov pamoja na duka la dawa analolitumia. Tovuti hiyo huonyesha jumla ya gharama za mwaka, na wakati mwingine mpango wenye ada ndogo ndio unaogharimu zaidi ukijumlisha dawa. Kwa mwaka 2026, mgonjwa akishatoa dola 2,100 mfukoni mwake kwa dawa zilizo katika orodha ya mpango wake wa Sehemu D, halipi tena mpaka mwaka uishe. Baada ya hapo nazipigia simu ofisi za madaktari wake na kuutaja mpango kwa jina lake kamili, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na mipango kadhaa yenye orodha tofauti za madaktari.

Kwa sisi ambao wazee wetu hurudi Mombasa au Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, kuna la kuongeza. Medicare, isipokuwa katika hali chache sana, hailipii matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya Medigap hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura katika siku 60 za mwanzo wa safari, baada ya mgonjwa kutoa dola 250, na kwa kikomo cha dola 50,000 maishani. Aliye katika Advantage akikaa nje ya eneo la mpango wake zaidi ya miezi 6 mfululizo anaweza kuondolewa, ingawa baadhi ya mipango huruhusu muda mrefu zaidi.

Wakala haruhusiwi kubisha hodi nyumbani wala kupiga simu bila kualikwa, kwa hiyo mzee asimsomee mtu wa namna hiyo namba ya kadi yake. Mzee asiyejiamini kwa Kiingereza apige simu ya Medicare, 1-800-633-4227, na kuomba mkalimani wa Kiswahili, bila malipo.

Anayebadili Medigap asiivunje ya zamani mpaka apokee jibu la kukubaliwa na ile mpya. Kwa Sehemu D na Advantage si lazima kuiarifu kampuni ya zamani, kwani kujiandikisha katika mpango mpya humwondoa mtu katika ule wa awali. Na aliyekwisha kutia saini kisha akajuta kabla ya tarehe 7 Desemba anaweza kuchagua upya, kwa kuwa chaguo la mwisho lililopokelewa kufikia siku hiyo ndilo litakaloanza Januari.