Kipimo cha presha ya mimba, nikifuate Dar?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Masasi, mimba ya pili, wiki 13. Ile ya kwanza presha ilipanda na mkojo ukawa na protini, wakanizalisha kabla ya miezi kutimia, mtoto mzima namshukuru Mungu. Sasa wifi yangu wa Dar kasema kuna kipimo cha damu kinaonyesha mapema kama presha itarudi. Hela ya korosho ipo kidogo ila mume wangu anataka tuitunze ya kujifungulia. Niende?
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela itunzeni, mumeo yuko sahihi, ila kesho asubuhi uwe kliniki, hapo sitanii.

Kipimo kipo kweli, wifi hajakudanganya. Kondo la nyuma likiwa halipati damu vizuri linamwaga kwenye damu ya mama protini inaitwa sFlt-1, na ile ya kukuza mishipa, PlGF, inashuka, basi maabara wanagawanya ya kwanza kwa ya pili. Utafiti wa 2016 ulionyesha jibu likiwa 38 au chini, ndani ya wiki moja ugonjwa huo wa presha ya mimba (priklampsia) karibu hauji kabisa. Likizidi hapo sasa, waliougua ndani ya wiki nne ni kama 37 tu kwa mia, kwa hiyo kipimo ni kizuri kumtoa mtu hofu kuliko kumtabiria. Na Marekani walipokiruhusu 2023 kilikuwa cha wajawazito waliolazwa wodini, kuanzia wiki ya 23. Wewe wa wiki 13 ungekifanyia nini?

Kipo pia cha miezi mitatu ya kwanza, wanaangalia PlGF, presha na ultrasaundi ya mishipa ya mfuko wa uzazi, lengo ni kujua nani aanzishiwe aspirini. Ila wewe historia yako imeshakuchagua, ukishapata huo ugonjwa mara moja tayari uko kundi la hatari hata bila kupima. Utafiti wa 2017 wanawake wa hatari walimeza aspirini miligramu 150 kila usiku, waliougua kabla ya wiki 37 wakashuka kutoka 4.3 kwa mia hadi 1.6. Inafaa zaidi ikianza kabla ya wiki 16 ndo maana nakuharakisha. Usijinunulie dukani lakini, dozi akupangie daktari, na muulize habari ya kalisiamu pia. Kadi ya mimba ya kwanza nenda nayo.

SWALI: Dokta, mke wangu ana wiki 35, presha 150/95, kichwa kinamuuma sana. Mkojo safi, hauna protini, mbona wamemlaza? Baba Kilwa

JIBU: Wamefanya vizuri. Mkojo kuwa safi hakutoshi kumruhusu, presha hiyo na kichwa hicho vinaweza kuwa priklampsia yenyewe, ndo maana wanamtoa damu waangalie figo, ini na chembe za kugandisha damu. Akiona ukungu machoni au maumivu chini ya mbavu za kulia mwite nesi hapohapo, usisubiri raundi ya asubuhi.