Pampu ya umeme ya mafuta lazima isimame injini ikizima

Huku Mtwara bado zinatembea pikapu za petroli za zamani, zile za kabureta, na msimu wa korosho ukifika hazipumziki. Pampu yake ya asili, inayosukumwa na injini, ikichoka, wengi huweka ya umeme. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na kinachoniumiza ni kukuta pampu imefungwa kwa waya mmoja tu kutoka kwenye swichi ya ufunguo.

Gari litawaka na mwenye gari ataondoka ameridhika. Sasa chukulia limepinduka kwenye mteremko wa Newala. Injini imezima, dereva amebanwa, ufunguo bado uko palepale. Pampu ya asili ingesimama pamoja na injini. Hii ya umeme inaendelea kusukuma petroli kupitia mpira uliokatika, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unatanda chini, unasubiri cheche.

Kwa hiyo weka rilei, yaani swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme; miguu yake ina namba. Mguu namba 30 upate moto, yaani umeme, kutoka betri kupitia fiuzi, 87 uende kwenye pampu, 85 uende ethi, yaani kwenye chuma cha bodi. Mguu 86 ndio wenye uhai wa watu: moto wa ufunguo uufikie baada ya kupita kwenye swichi ya presha ya oili, ili presha ikishuka, rilei iachie. Usitumie swichi ya kawaida ya taa ya oili. Ile hufunga mzunguko presha isipokuwepo, yaani kinyume kabisa na tunachotaka. Na kwa kuwa wakati wa kupiga stata presha bado haijapanda, leta kwenye 86 waya mwingine kutoka waya mdogo wa stata, ukiwa na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Bila dayodi umeme utarudi nyuma, na stata itashika injini ikiwa inazunguka.

Fiuzi ikae karibu kabisa na betri. Nimeona imefungwa kule nyuma, jirani na pampu. Waya ukichubuka katikati, fiuzi hiyo haisaidii chochote, kwa sababu moto haukupita kwake. Pampu nyingi za kabureta zinatosheka na fiuzi ya ampea 10 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Kila tundu la bodi waya unapopita, weka raba.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, hasa kwa magari yanayolala Shangani au Mikindani, shaba yake hugeuka kijani na kiungo huanza kupata joto. Bana kwa tamino, kile kichwa cha chuma cha kuungia waya, kisha funika. Ethi ya pampu iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, upake grisi juu.

Kabla ya kugusa mpira wowote wa mafuta, toa hasi ya betri. Tafadhali, usiruke hapo hata kama mteja ana haraka.

Ukimaliza, fungulia ufunguo bila kupiga stata: pampu inyamaze. Washa injini, iache itulie, kisha chomoa waya wa swichi ya oili. Pampu isimame papo hapo, na injini izime yenyewe kabureta ikikauka. Ikiendelea kunguruma, usikabidhi gari.