Tahajudi ina mwenyewe

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Lindi. Natafsiri kipeperushi cha kuwafundisha wagonjwa wa presha kukaa kimya na kufuata pumzi zao. Neno meditesheni nimeona wengine wakiliita "tahajudi", lakini bibi mmoja niliyemsomea amekataa katakata. Nani yuko sahihi, na neno lenyewe limetoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi yuko sahihi. Tahajudi ni sala ya sunna ya usiku, ya mtu aliyelala kisha akaamka; imo katika Kurani, Sura ya 17, aya ya 79. Waulize Mikindani wanaokesha kumi la mwisho la Ramadhani. Mgonjwa akisoma "fanya tahajudi dakika kumi" ataenda kutawadha, na Mkristo ataona kipeperushi hakimhusu.

Meditesheni ni ya Kilatini, kutoka meditari: kuwaza jambo kwa kulirudiarudia, na pia kufanya mazoezi, kama msemaji anayejaribu hotuba kabla ya kusimama. Shina lake la kale, med, ni la kupima na kuchukua hatua ifaayo, na humo ndimo alimotoka medicus, mganga wa Kirumi. Kwa hiyo kazi yako na neno hili ni ndugu wa mbali.

Kinachonigusa zaidi ni Zaburi 1:2, "na sheria yake huitafakari mchana na usiku". Kiebrania chake ni hagah, kunong'ona au kuguna. Kitenzi hichohicho ni cha simba angurumaye katika Isaya 31:4 na cha hua aliaye katika 38:14. Tafakuri ya kale ilikuwa na sauti! Wamonaki, watawa wa Kikristo, waliirithi; wa Ndanda nao, Wabenediktini, wana desturi ya kusoma Maandiko polepole hivyo. Karne ya 12 mmonaki Guigo II aliipanga ngazi: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kumtazama Mungu.

Kufuata pumzi kuna asili nyingine, Uhindi, ambako mazoezi ya kutuliza akili huitwa dhyana. China neno hilo likawa chan, Japani zen. Wazungu walipolitafsiri walilivika neno lao la kanisani, na ndipo mambo mawili yakaitwa jina moja.

Tafakari basi haikufai, maana inadai kitu cha kufikiriwa, ilhali mgonjwa wako unamwomba apumzike na fikra. Taamuli, yaani kutazama jambo kwa makini na utulivu, inakaribia, ila wengi hawajaizoea. Mimi ningeandika wazi juu kabisa, "Kutulia na kufuata pumzi", na taamuli niitaje mara moja ndani. Kisha msomee tena yule bibi kabla hujapeleka kuchapa.