Muulize Kocha: Mkono ndo unaotangulia

SWALI: Sasa kocha. Niko na miaka 19, naishi Nairobi, nimeanza skeitibodi miezi miwili iliyopita, wikendi tunaenda pale uwanja wa skeiti wa Shangilia. Wiki jana kajiwe kalikwamisha gurudumu, ubao ukasimama mi nikaendelea, nikajishika na mkono. Haujafura sana ila nikiinua kikombe nasikia uchungu chini ya kidole gumba. Wasee wananiambia nitazoea. Kuna namna ya kuanguka bila kuumia ama ni bahati tu?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kuanguka tutafika, huo mkono kwanza. Inua kidole gumba kama unamwonyesha mtu “poa”, utaona chini yake pale kwenye kifundo cha mkono kuna kashimo katikati ya kano mbili, bonyeza humo taratibu. Pakiuma we usisubiri kuzoea, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Humo ndani kuna kamfupa kenye umbo la korosho na damu inakafikia kwa tabu, kakivunjika katikati kipande cha upande wa kuelekea kiwiko kinaweza kukosa damu kikagoma kuunga, na ubaya wake eksirei ya siku za mwanzo saa nyingine haionyeshi kitu unarudi nyumbani unafurahi. Kwa hiyo hata wakikwambia iko safi na bado panauma, uliza kuhusu kufungwa mkono na kurudia picha baada ya siku 10 mpaka 14. Mi nilijifanya mgumu miezi minne, mpaka leo sijapiga pushapu ya maana na mkono wa kushoto.

Haya, kuanguka. Bahati ipo ila sehemu kubwa ni mazoezi, wacheza judo wanaanza kufundishwa kuanguka kabla hata ya kumwangusha mtu, wenyewe wanaita ukemi. Tatizo letu wote ni kunyoosha mkono kama nguzo, basi uzito wote unapita kwenye kiganja na kifundo. Ukihisi ubao unakutoka chuchumaa haraka, ukishakuwa chini safari ya kwenda ardhini inakuwa fupi, na kama spidi ni ndogo shuka tu ukimbie hatua mbili tatu. Kama huwezi kukimbia kunja viwiko, mikono iwe laini, kidevu kifuani, geuza bega moja mbele ujiviringishe kimshazari kuanzia nyuma ya bega mpaka nyonga ya upande wa pili, yani usitue kwenye nukta moja. Ukienda chali ndo kazi, usitupe mikono nyuma, kaa na tako moja pembeni alafu viringika, kidevu usikiachie kisogo kikagonga zege.

Fanyia kwenye nyasi au godoro, anza umechuchumaa, kesho umesimama, ukizoea unatembea kabisa, dakika 10 kabla hujagusa ubao. Na uvae gadi za kifundo cha mkono zenye kile kipande cha plastiki, kinateleza chini badala ya kung'ang'ania. Kwenye rampu pedi za magoti zenye ganda gumu zinakuruhusu kushuka unateleza kwa magoti, ila za kitambaa usijaribu. Helmeti iliyopigwa ikapata ufa tupa, usiniambie ya gharama.

SWALI: Kocha shikamoo. Najifunza kaiti, ile ya kuteleza majini na ubao ukivutwa na tiara, hapa Paje Zanzibar, naogopa kuanguka maji yakiwa machache. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. La kwanza kabisa achia baa, yani ule mpini wa kuongozea kaiti, wanafunzi wengi wanaivuta kwa woga na kaiti ndo inazidi kuwarusha. Kwenye maji ya magoti usiruke ukatua na miguu wala kupiga mbizi, angukia mgongo au ubavu, jitandaze, mwili mzima upige maji kwa pamoja. Angalia na maji ya siku hiyo, Paje bahari ikitoka inatoka haswa, unajikuta juu ya vijiti vya akina mama wa mwani, kwanza ni mali ya watu, pili vinachoma. Vaa viatu vya maji, wale wadudu weusi wa miiba ukiwakanyaga jioni yote utakaa kwenye kiti watu wanakupaka utomvu wa papai huku wanakucheka.