Kwa nini madaraja ya zamani ya reli hayakuchomelewa?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Urambo, mkoani Tabora. Nikipanda treni huwa nayatazama madaraja ya chuma ya zamani. Yameungwa kwa ribiti tupu (pini za chuma zilizopigwa vichwa pande zote mbili), na vyuma vyake havilingani: vingine vinene kama sanduku, vingine bapa nyembamba. Je, walipungukiwa chuma? Na ribiti ikilegea, kwa nini isichomelewe tu?

JIBU: Marahaba fundi. Chuma hakikupungua, ule wembamba ni wa hesabu. Daraja la namna hiyo ni kenchi, kama ya paa la godauni, na kila kipande cha kenchi ama kinavutwa ama kinakandamizwa. Shika ufito mrefu uuvute kwa ncha zote mbili, hautafanya lolote. Usukume ncha zikutane, utapinda katikati kabla hujatumia nguvu nyingi. Kwa hiyo chuma kinachovutwa kinaweza kuwa bapa nyembamba, lakini kinachokandamizwa lazima kipewe unene, ndiyo maana walikiunda kama sanduku.

Safari ijayo tazama vyuma vya mshazari. Vikiwa vinashuka kuelekea katikati ya daraja, na kati yake pana vyuma vya wima, huo ni mtindo wa Pratt, uliosajiliwa Marekani mwaka 1844: mishazari inavutwa, vya wima vinakandamizwa. Ikiwa ni pembetatu zinazofuatana kwa zigizaga bila vyuma vya wima, huo ni wa Warren, wa Uingereza, 1848. Katika yote miwili, treni ikiwa juu ya daraja, boriti ya juu inakandamizwa na ya chini inavutwa.

Sasa ribiti. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wakati huo uchomeleaji wa umeme ulikuwa mchanga mno kuaminiwa kubeba uzito wa treni. Daraja la kwanza la barabara kuchomelewa lote, la Maurzyce huko Poland, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Tena kenchi ya ribiti iliwafaa kwa usafirishaji: vipande vilitobolewa kiwandani Ulaya, vikaja kwa meli, reli ikavibeba hadi ilipoishia, vikaungwa palepale mtoni. Meli ya Liemba ya Kigoma ina historia hiyohiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kupakiwa kwenye makasha, ikaletwa na kupigwa ribiti upya kando ya Ziwa Tanganyika, ikashushwa majini 1915.

Ila usiseme kila daraja unaloliona ni la Mjerumani. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi ya reli hii. Wabelgiji waliingia Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba, na walioshika reli baada ya Wajerumani ndio waliojenga upya. Njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani 1928, ni ya Waingereza tangu mwanzo. Tafuta kibao cha chuma mwanzoni mwa daraja, mara nyingi kina jina la kiwanda na mwaka.

Swali lako la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, maana mikono yako inaweza kuokoa daraja au kuliharibu. Ribiti ilipigwa ikiwa nyekundu kwa moto. Ilipopoa ilisinyaa na kubana bamba kwa nguvu kubwa. Bamba hizo zimebanana lakini kila moja inajitegemea, hivyo ufa ukianza katika moja huishia ukingoni mwake. Ukichomelea, umezifanya kitu kimoja na ufa umepata njia ya kupita. Pia chuma cha zamani huweza kuwa na salfa na fosforasi nyingi, na chuma cha aina hiyo hupasuka kando ya weldi kinapopoa.

Usidharau kiungo kwa udogo wake. Mwaka 2007 huko Minneapolis, Marekani, daraja la kenchi la barabara lilianguka mtoni na kuua watu 13. Chanzo kilikuwa bamba za viungo zilizosanifiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Nyingi za kenchi hizi hazina kipande cha akiba, yaani kimoja kikikatika hakuna kingine cha kubeba mzigo wake, na anayeng'oa kipande akauze chuma chakavu anachezea roho za abiria.

Ribiti iliyolegea huonekana kwa michirizi ya kutu chini ya kichwa chake, na ukiigonga kwa nyundo sauti inakuwa butu. Mafundi wa reli hukata kichwa, huitoa, husafisha tundu na kuweka bolti ya nguvu iliyokazwa kwa kipimo. Wanabadilisha moja baada ya nyingine, na treni haipiti hadi bolti ikazwe.