Njegere fupi na ndefu: tofauti ni ya jeni au ya dirisha?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo kidato cha sita hapa Dodoma. Kwa mradi wa baiolojia nilipanda njegere zenye mutesheni (badiliko la jeni) ya ufupi, makopo 5, na za kawaida makopo 5. Baada ya wiki tatu fupi zina wastani wa sm 14, ndefu sm 19. Mwalimu kakataa, eti ndefu zilikaa dirishani na fupi ukutani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Mwalimu ana haki, ingawa kosa lako limekuumiza wewe mwenyewe. Mche unaokosa mwanga hurefuka ukiwa mwembamba na umepauka, kwa hiyo fupi zako za ukutani huenda zimejivuta, na pengo halisi ni kubwa kuliko hizo sm 5.

Kabla ya kurudia, hakikisha mbegu zote zimetoka ukoo mmoja. Ukilinganisha aina mbili za dukani, zinatofautiana kwa jeni nyingi, na huwezi kuitupia lawama moja tu.

Panda makopo 20 ya kila aina, mbegu mbili kila kopo, kina cha sm 3, kisha ng'oa mche mmoja. Changanya makopo kwa kupiga kura na uyahamishe kila baada ya siku mbili. Hesabu umri tangu mche ulipochomoza. Mbegu iliyochelewa siku tatu itaonekana fupi bila mutesheni yoyote. Panda Juni au Julai, kwani njegere hazipendi joto la Novemba. Halafu angalia maji: visima vingi hapa vina chumvi, na njegere huivumilia kidogo sana. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo, badilisha maji. Kuyachemsha hakusaidii, chumvi inabaki na maji yanapungua.

Sasa kipimo chenyewe. Usiishie kwenye urefu wote. Hesabu mafundo (sehemu za shina jani linapotoka), kisha pima kila pingili, yaani kipande cha shina kati ya fundo na fundo. Ufupi aliouchunguza Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, unatokana na jeni iitwayo Le: kimeng'enya kinachokamilisha jiberelini, homoni inayorefusha shina, kimedhoofika, basi pingili hazirefuki, lakini idadi yake hubaki karibu ileile. Fupi zako zikiwa na mafundo 8 sawa na ndefu, umeipata mutesheni. Zikiwa na 5, zimechelewa kukua, tafuta sababu kwingine. Anza kupima kwenye fundo la kwanza, ulifunge uzi, maana udongo hushuka ukimwagilia.

Ukiweza kupata jiberelini (GA3), nusu ya kila aina ipulizie. Mizani ya shule haiaminiki kwa miligramu 10, hivyo pima 100, yeyusha kwa mililita 10 za alkoholi, ongeza maji hadi lita 1. Nusu nyingine ipulizie maji yenye alkoholi hiyohiyo bila homoni, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Fupi zikirefuka hadi kukaribia ndefu, upungufu ulikuwa wa homoni. Zikikataa kabisa, mutesheni yako si ya Le. Pengine mmea unayo homoni ila hauisikii. Pulizia ndani, makopo yasiyo na homoni yakiwa chumba kingine: nje, upepo wa Dodoma utapeleka homoni kwenye makopo yote, na hutabaki na kundi la kulinganisha.