Jibu: Wagyu ya A5 kushika moto mezani

Ndugu, umeuliza kwa nini wagyu (nyama ya ng'ombe wa Kijapani) ya A5, daraja la juu kabisa, ilishika moto na kukukinaisha mapema kwenye yakiniku, mlo wa Kijapani wa kujichomea nyama mezani. Ni mafuta. Hiyo 5 ya A5 ina maana ya alama 8 hadi 12, kwenye kipimo cha 1 hadi 12, za mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama. Ukijaza wavu yanadondokea makaa, moto unaruka, nyama inapata masizi. Weka vipande 2 tu. Kilicho chembamba kipe sekunde 20 hivi, geuza mara moja, kisha 10. Anza na ulimi wa ng'ombe, kwa chumvi na limau. Nyama za mchuzi mtamu zije mwisho, sukari huunguza wavu. Wavu ukiungua, omba mwingine. Gramu 100 za A5 kwa mtu zinatosha kabisa; ukitaka zaidi, agiza harami (nyama ya kiwambo cha ng'ombe). Na koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva!